Pampu Zinazohamishika za Jamhuri ya Ustawi

Nchi yetu, Jamhuri ya Ustawi, haina tatizo la maji. Maji yapo, na Waziri wa Maji, Umeme na Furaha ya Wananchi huyaonyesha kwa kijiti kwenye ramani kila mwaka wakati wa bajeti. Ila yakifika mitaani yanakuwa yamechoka. Yanatiririka taratibu hadi kwenye pipa la chini, na hapo yanagoma. Hayana nguvu ya kupanda mpaka kwenye tangi lililo juu ya nyumba. Ndipo Serikali yetu sikivu ikaamua kugawa pampu.

Nina haki ya kuisimulia habari hii kwa sababu nilikuwa karani wa masjala wizarani. Kila waraka nitakaoutaja ulipita mikononi mwangu, nikaupiga muhuri. Nilikuwa napiga muhuri vizuri, ulionyooka, usiochafua maandishi. Nilishawahi kupewa cheti.

Pampu mia tatu na kumi na mbili zilipelekwa Mtaa wa Heshima, wanakokaa manesi, walimu na makarani kama mimi. Kila nyumba ilifungiwa pampu moja uani, karibu na pipa, juu ya kijiukuta cha zege. Waziri, Mheshimiwa Daktari Balozi Makeke, alikuja mwenyewe kuwasha ya kwanza. Alisema kuanzia siku hiyo maji hayatakatika Mtaa wa Heshima hata kwa dakika moja. Redio ya taifa ikalirudia neno hilo siku nzima, asubuhi, mchana na jioni.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi, na si kwa ubaya. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya pampu akiangalia waya.

Huyo ni Bi. Sikudhani Mbawala, mkaguzi wa umeme. Wakaguzi wengine wa wizara yetu walikuwa na shahada za ukaguzi. Yeye alikuwa amefunga umeme kwenye nyumba za watu kwa miaka ishirini kabla ya kuajiriwa, na pale ambapo wenzake waliweka kalamu mfukoni, yeye aliweka bisibisi ya kupimia umeme. Jambo hilo lilimfanya aonekane hajasoma.

Siku ya pili alirudi mtaani, akagonga nyumba namba arobaini na moja. Nilifuatana naye kubeba jalada. Nyumba ilikuwa ya Mwalimu Kuruthumu, aliyefundisha hesabu darasa la nne, na mumewe Farahani, mpishi wa hospitali. Mwalimu alitukaribisha akiwa na chaki kwenye vidole.

Waya wa pampu ulianzia kwenye soketi ya sebuleni. Ukapita nyuma ya kochi, ukatokea dirishani katikati ya nondo, ukateremka ukutani, ukalala kwenye tope la uani mpaka kwenye pampu. Katikati ya tope palikuwa na kiungo kilichozungushiwa tepu nyeusi na mfuko wa nailoni.

"Mwalimu," Bi. Sikudhani akasema, "huu ni waya wa pasi."

"Pasi yangu ina waya mnene kuliko huo, dada."

Bi. Sikudhani aliikata tepu akaangalia ndani. Nyaya mbili. Ule wa tatu, wa kijani, unaokwenda ardhini, haukuwepo.

"Huu wa tatu kazi yake nini?" Mwalimu akauliza.

"Pampu ikiharibika, umeme ukavujia kwenye lile gamba lake la chuma, huu wa tatu unauchukua unaupeleka ardhini, na swichi kubwa inajikata."

"Na usipokuwepo?"

"Umeme unakaa pale pale, unamsubiri atakayegusa."

Mwalimu aliitazama pampu, kisha akamtazama binti yake mdogo aliyekuwa akisuuza vyombo karibu na pipa. Akamwita aje ndani.

Ripoti ya Bi. Sikudhani ilikuwa ukurasa mmoja. Ilisema umeme wa pampu zote ukatwe kwanza. Halafu ziwekwe nyaya ngumu za kudumu, zipitishwe kwenye bomba la plastiki chini ya ardhi, uwepo waya wa tatu, na kila nyumba ipate kifaa cha kukata umeme unapovuja. Mwisho alinukuu Kanuni ya Tisini na Moja ya nchi yetu, iliyoandikwa zamani na watu ambao ni dhahiri walikuwa na muda: "Waya laini hautatumika mahali pa waya wa kudumu, wala hautapitishwa ukutani, mlangoni au dirishani, wala kulazwa penye maji. Waya laini unafaa kwa chombo kinachohamishika tu."

Niliipiga muhuri. Ikaenda juu.

*

Kikao kilifanyika katika ukumbi wenye viyoyozi sita. Nyaya za pampu zilikuwa zimeletwa na shemeji yake Waziri, ambaye alikuwa na ghala zima la nyaya za pasi zilizokosa pasi, kwa hiyo hakuna aliyetaka kuanza kulizungumzia suala la nyaya. Wataalamu walikunywa chai. Mheshimiwa Makeke aliisoma ripoti akianzia mwisho, kama kawaida yake, na hakuhitaji kufika mwanzo.

"Unafaa kwa chombo kinachohamishika," alisoma kwa sauti. Akavua miwani. "Nani amesema pampu zetu hazihamishiki?"

Wataalamu wakaacha kunywa chai.

"Mheshimiwa," Bi. Sikudhani akasema, "zimefungwa kwa bolti nne kwenye zege."

"Zifunguliwe bolti."

"Zimeunganishwa na bomba la chuma."

"Wekeni mpira."

"Mheshimiwa, hata tukizifungua, ule waya utabaki kuwa waya wa pasi kwenye tope. Waya haujasoma kanuni."

"Basi utasomewa," Waziri akasema, na wataalamu wakacheka kwa muda uliotosha.

Mimi nilidhani ni utani. Jioni ile ile nilipokea Waraka Namba Saba. Ulitangaza kwamba pampu zote za Mtaa wa Heshima ni vyombo vinavyohamishika. Ili kuthibitisha kuhamishika huko, kila Jumamosi saa tatu asubuhi kila kaya itainua pampu yake, itaibeba hatua tatu, itaituliza, kisha itairudisha, mbele ya Afisa Uhamishaji. Kaya itakayoshindwa itarudia. Kabla ya kuinua, waraka utasomwa kwa sauti mbele ya pampu na waya wake. Na kwa kuwa Mheshimiwa Waziri aliahidi kwamba maji hayatakatika hata kwa dakika moja, pampu itahamishwa ikiwa inafanya kazi.

Bi. Sikudhani alikuja masjala kuomba nakala. Aliisoma amesimama. Aliporudia mstari wa mwisho, aliegemea kaunta, na mimi nikamwuliza kama anaumwa.

"Karani," akaniambia, "umeusoma huu kabla ya kuupiga muhuri?"

"Kusoma si kazi ya masjala, Bi. Mkaguzi."

Aliikunja nakala na kuondoka. Aliandika barua tatu za kupinga. Zote nilizipokea, na zote niliziweka kwenye jalada sahihi.

*

Jumamosi za mwanzo zilikuwa kama sikukuu. Bendi ya polisi ilipiga. Afisa Uhamishaji, Bwana Mkwizu, alipita nyumba kwa nyumba akiwa na futi ya kupimia hatua, fomu zenye nakala tatu, na mimi na muhuri wangu nyuma yake. Watu walisoma waraka kwa pampu. Mzee mmoja aliusoma kwa mahadhi, akashangiliwa. Pampu zikainuliwa zikinguruma, zikatulizwa, zikarudishwa. Kuhamishika kukathibitika.

Hata hivyo, kila pampu ilipokwenda hatua tatu na kurudi, waya wake nao ulivutwa hatua tatu kwenye nondo za dirisha na kurudi. Kufikia Jumamosi ya sita ganda jeupe la nyaya nyingi lilikuwa limechubuka, na katika baadhi ya nyumba shaba ilikuwa inaonekana. Nilimwonyesha Bwana Mkwizu.

"Kwenye fomu hakuna sehemu ya waya," akasema. Ilikuwa kweli. Nilikagua pande zote mbili.

Jumamosi ya saba tulifika namba arobaini na moja saa nne kasoro. Farahani alikuwa zamu hospitalini, anapika uji wa wagonjwa. Mwalimu Kuruthumu alikuwa amewapeleka watoto kwa jirani, Mama Mkaya, akawaambia wasitoke. Pampu ilikuwa inanguruma. Uani palikuwa na maji, kwa sababu mpira uliowekwa mahali pa bomba la chuma ulikuwa unavuja.

"Bwana Mkwizu," Mwalimu akasema, "hii pampu jana iliniuma mkononi."

"Inauma vipi?"

"Kama siafu. Naomba niizime kwanza, niihamishe, halafu niiwashe. Ni dakika moja."

"Dakika moja ndiyo hiyo aliyoahidi Mheshimiwa kwamba haitakuwepo."

"Basi tuiruke nyumba hii leo. Nimeongea na Bi. Mkaguzi, amesema nisiiguse kabisa."

"Bi. Mkaguzi anakagua umeme. Hili ni suala la uhamishaji." Bwana Mkwizu hakuwa mkali. Alisema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuelewa. "Mwalimu, nikiandika umekataa, hiyo ni kukaidi waraka. Kazi yako ya ualimu inaingia humo. Una watoto. Ni hatua tatu tu."

Mwalimu alinitazama mimi. Sijui alitaka niseme nini. Ndiyo, najua.

Niliangalia fomu.

Akausoma waraka, wote, kwa sauti ile ya darasani, hakuruka neno. Akakunja mikono ya gauni. Akainama akaishika pampu kwa mikono miwili, akainua, akaenda hatua ya kwanza, akaenda ya pili. Hapo alisimama. Tulidhani anapumzika. Kisha tukaona mikono yake haiachii, na shingo yake imekakamaa, na mdomo uko wazi bila sauti. Ni Mama Mkaya aliyepita mbio katikati yetu, akaingia sebuleni akachomoa plagi. Mwalimu akaanguka na pampu ikamwangukia.

Mama Mkaya alimgeuza, akampigapiga kifua, akamwita jina lake mara nyingi. Mwalimu Kuruthumu alikuwa na miaka thelathini na minne.

Bwana Mkwizu alipima kutoka kwenye kijiukuta hadi pampu ilipoangukia. Akajaza fomu: "Imehamishwa: ndiyo. Hatua: mbili badala ya tatu. Matokeo: haijatimiza." Akanipa.

Palikuwa na nafasi ya muhuri chini upande wa kulia. Nikapiga. Ulinyooka.

*

Tume iliundwa siku hiyo hiyo, maana nchi yetu haicheleweshi tume. Maprofesa watatu walikaa siku kumi na mbili katika hoteli ya ziwani, ambako maji yanapanda yenyewe, wakaandika kurasa mia mbili. Waligundua kwamba marehemu alikuwa amevaa ndala. Waligundua kwamba umeme usingeweza kumdhuru bila ushirikiano wake, yaani kama asingeshika. Waligundua pia kwamba tangu waraka uanze, pampu mia tatu na kumi na moja zilihamishwa bila kuua mtu, na wakaipongeza Wizara kwa kiwango hicho.

Barua ya rambirambi kwa Farahani niliichapa mwenyewe siku moja baada ya kifo, kabla tume haijamaliza. Aya ya kwanza ilimpa pole. Aya ya pili ilimkumbusha kwamba zoezi la nyumba yake halikukamilika, na kaya yake bado ilikuwa na upungufu wa hatua moja, itakayotekelezwa Jumamosi inayofuata.

Alikuja nayo masjala siku ya Jumatatu. Alikuwa amevaa koti jeupe la jikoni na alikuwa hajanyoa ndevu. Aliiweka barua kwenye kaunta akaweka kidole juu ya aya ya pili.

"Ndugu karani, wewe ulikuwepo. Nieleze. Hii hatua moja naipeleka wapi?"

"Chumba namba kumi na nne," nikamjibu, kwa sababu malalamiko ya uhamishaji yalishughulikiwa huko.

Hakunipiga. Siku nyingi baadaye nilitamani angenipiga. Aliichukua barua yake, akauliza kwa sauti ya chini ofisi ya Bi. Sikudhani iko wapi. Nilimwonyesha.

Bi. Sikudhani naye alikuwa na karatasi mezani. Mkurugenzi alitaka atie sahihi kwamba pampu ya namba arobaini na moja ilikidhi Kanuni ya Tisini na Moja kwa kuwa ilikuwa ikihamishwa wakati wa tukio. Ilikuwa kweli tupu. Marehemu alifia kwenye ushahidi wenyewe. Nilimsikia kupitia mlango akimsomea Farahani karatasi ile yote. Halafu nikamsikia akivuta droo.

Alitoka na glovu za mpira na plaizi. Karatasi ilibaki mezani bila sahihi.

Alianza namba moja, mchana kweupe. Alipiga hodi, akajitambulisha, akazima swichi kubwa, akachomoa plagi, akaukata waya mara mbili, dirishani na kwenye pampu, ili usiungike tena. Akahamia nyumba ya pili. Alipofika ya kumi, Mama Mkaya alikuwa anatangulia kumgongea milango. Alipofika ya hamsini, watu walikuwa wameshazima swichi zao wenyewe wanamsubiri uani. Hakuna aliyeimba. Walimpa maji ya kunywa, akanywa, akaendelea. Hadi jioni alikuwa amekata zote mia tatu na kumi na mbili, na watu wa Mtaa wa Heshima wakapanga ndoo, wakaanza kupandisha maji kwa kamba.

Akazikusanya nyaya kwenye toroli, akazisukuma hadi kituo cha polisi, akaziandikisha.

*

Alishtakiwa kwa kuharibu mali ya umma na kwa kuzifanya pampu za Serikali zisihamishike.

Mahakama ilijaa. Upande wa mashtaka ulitaka kuthibitisha kwamba mali iliyoharibiwa ilikuwa nzima, kwa hiyo ulileta kielelezo: pampu ya namba arobaini na moja yenyewe, imefungwa waya mpya kutoka ghala lile lile. Soketi ya chumba cha mahakama ilikuwa imeharibika, basi waya ukapitishwa dirishani kutoka ofisi ya pili. Pampu ikawekwa kwenye beseni la maji mbele ya meza ya Hakimu. Ikawashwa. Ikanguruma vizuri.

Mwendesha mashtaka alisema Mahakama imejionea. Shahidi wake, Mkurugenzi wa Umeme, akaapa kwamba pampu ile ni salama.

Bi. Sikudhani hakuwa na wakili. Alisimama kizimbani akasema ana ombi moja kwa shahidi.

"Mkurugenzi, umeapa ni salama."

"Ni salama kwa mujibu wa Waraka Namba Saba."

"Naomba uihamishe hatua tatu. Iache inafanya kazi, kama waraka unavyosema."

Mkurugenzi alitazama beseni. Akasema ana matatizo ya mgongo. Bwana Mkwizu alipoombwa, alisema yeye ni mpimaji, si mhamishaji, na akaonyesha barua ya ajira. Waziri alikuwa mstari wa mbele; simu yake ikamhitaji ghafla, akatoka nje nayo. Hakimu akamwamuru askari wa mlangoni. Askari alisimama wima, akapiga saluti, akasema, "Mheshimiwa, nina watoto wanne." Akabaki pale pale.

Pampu iliendelea kunguruma peke yake. Watu wa mstari wa mbele walikuwa wameinua miguu kutoka sakafuni bila kujua.

Farahani akainuka nyuma. "Mimi nitaihamisha. Nimeandikiwa barua."

"Kaa chini, kaka," Bi. Sikudhani akamwambia. "Wewe sikukuomba."

Kisha akamgeukia Hakimu. "Hayo ndiyo yote. Sina swali lingine."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mashahidi na jalada magotini. Niliwahesabu waliokuwa mle ndani waliosoma umeme, walioagiza nyaya zile, waliotia sahihi, waliopima, na mimi. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angeweka kidole chake kwenye beseni lile, na kila mmoja wetu, Jumamosi saba mfululizo, alikuwa amewaamuru walimu na manesi waweke mikono yao yote miwili. Tulijua. Naomba isiandikwe popote kwamba hatukujua.

Hakimu alifungua daftari kuandika hukumu. Aliandika neno la kwanza, akasita, akaitazama pampu.

"Chomoeni kwanza hicho kitu," akasema. "Kuna watu humu ndani."

Ikachomolewa. Akaandika kwa utulivu, akasoma. Mshtakiwa ana hatia kwa makosa yote mawili. Alimpa miezi kumi na minane jela, akaagiza nyaya zirudishwe kwenye nyumba zote kabla ya Jumamosi, kwa gharama ya shemeji wa Waziri, ambaye atalipwa.

Nyaya zilirudishwa Alhamisi. Ijumaa ulitoka waraka mwingine, mfupi kuliko zote nilizowahi kuziona. Ulipiga marufuku kuingiza pampu yoyote yenye waya laini katika majengo ya Mahakama, Bunge na Wizara, kwa sababu za kiusalama. Majumbani, ulisema, zinaruhusiwa.